WAZO LA LEO: Mgeni akiondoka, nani atawasha mtambo?

Redio ya jamii ya Homa Bay ilianza kurusha matangazo mwaka 1982 kwa msaada wa UNESCO. Kufikia mwaka 1984, serikali ilikuwa imeifunga. Miaka 20 baadaye, Mang'elete FM ikasikika hewani kule Kibwezi. Wenye redio hiyo ni vikundi vya akina mama vilivyokuwa vimejipanga zamani, kabla ya mtambo kufika.

Tuseme wanafunzi wa chuo wamejenga redio ya jamii Banissa, karibu na mpaka wa Ethiopia, na sasa wanataka kuwakabidhi wenyeji. Hotuba zitatolewa, picha zitapigwa, ufunguo utapokelewa kwa makofi. Lakini maswali magumu hayaonekani pichani. Leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano imeandikwa kwa jina la nani? Betri za sola zikichoka, fedha za kununua mpya zitatoka wapi? Kijana gani wa hapo hapo anaweza kufungua mtambo na kuutengeneza bila kupiga simu Nairobi? Na mwanasiasa akitaka kipaza sauti kiwe chake, kamati ina ubavu wa kumkatalia?

Basi makabidhiano yaanze mapema. Wenyeji watangaze wenyewe bei ya mifugo na hali ya malambo, wakosee na kurekebisha, wageni wakiwa bado wapo. Mwanafunzi aliyefundisha vizuri hujulikana kwa kukosa kazi wiki yake ya mwisho.