Je, Yampasa Mhunzi Kukijaribu Kisu Chake?



Watu wengine husema ya kwamba kazi ya mhunzi hukoma penye fuawe. Akiisha kukifua kisu, na kukinoa, na kukitia mpini, yaliyobaki ni ya mnunuzi. Wengine husema, sivyo. Asikitoe mkononi mwake mpaka kwanza amechonga nacho mti. Neno hili laonekana dogo, walakini ndani yake mna swali kubwa: Mtu aweza kusema kwa haki, "Kitu hiki ni chema," naye hajakiona kikifanya kazi?

Kwanza tutazame jinsi kisu kinavyofanywa. Mafundi wetu wengi huchukua chuma cha springi za magari makuukuu, wakakipasha moto na kukifua mpaka kipate umbo. Kisha hukipasha tena hata kiwe chekundu, wakakizimisha ghafula katika mafuta au maji. Hapo chuma huwa kigumu sana, lakini huvunjika upesi kama kioo. Kwa hiyo fundi hukirudisha penye moto wa kiasi, akiangalia rangi ya chuma kilichosuguliwa: rangi ya majani makavu hutokea penye joto la digrii 220 hivi, na buluu karibu na digrii 300. Akiwahi kukitoa, makali yaweza kumeguka. Akichelewa, yatalala upesi. Na kosa hili halionekani kwa macho. Visu viwili vyaweza kung'aa sawasawa, kimoja chema na kimoja kibovu.

Basi, ni nani atakayeifunua siri hiyo? Ni mti. Fundi atwae kijiti cha mti mwororo, akate mapengo machache, achonge ncha, kisha achonge mwiko wa kupikia. Penye pengo ataona kama ubapa ni mnene mno. Penye shingo ya mwiko ataona kama kisu chageuka vema. Na baada ya saa moja kiganja chake kitamwambia kama mpini una pembe ya kutoa malengelenge. Mti haumsifu mtu wala haumwonei haya. Kisu kikiwa butu, nyuzi zake hunyofoka. Kikiwa kikali, uso wake huwa laini.

Kazi ndogo humpima mtu pia. Mwalimu Otto Salomon wa Uswidi (1849–1907), aliyefundisha walimu wa kazi za mikono huko Nääs, aliwaanzisha wanafunzi kwa kisu na vitu vidogo vya kutumika nyumbani. Shabaha yake haikuwa kuwafanya wote maseremala, bali kuwazoeza usahihi, bidii, na kuiheshimu kazi ya mikono.

Walakini fundi maskini atajibu: "Saa zangu ndizo chakula changu, na mnunuzi hupenda kisu kisichoguswa." Neno lake si la kudharauliwa. Lakini tumwulize: Kisu kikivunjika, kitavunjikia mkononi mwa nani? Si mwake, bali mwa mtu aliyemwamini, labda mtoto aliyetumwa kuchonga mpini wa jembe. Saa moja aliyoiokoa fundi hulipwa kwa kidole cha mtu asiyemjua. Ndiyo maana nasema, kujaribu si hisani ya fundi, ni deni lake. Na kisu kilichochonga mwiko mmoja hakikuharibika. Kinoo kitayarudisha makali yake kwa dakika chache.

Tena wako wapitao kiasi. Hukipiga kisu juu ya mfupa au msumari waonyeshe nguvu zake, kisha hukilaumu kikimeguka. Huko si kujaribu, ni kuharibu. Kila kitu kipimwe kwa kazi kilichofanyiwa.

Na fundi akiona kasoro, asione haya, wala asiifunike kwa msasa. Akirudishe motoni. Wazee husema, "Kinolewacho hupata." Kasoro iliyoonwa na fundi ni kazi iliyosalia tu, kasoro ile ile ikionwa kwanza na mnunuzi, sifa alizopewa zimegeuka kuwa uongo, hata kama fundi hakukusudia kudanganya. Maana alisema asilolijua kana kwamba alijua.

Basi, wewe uuzaye kazi ya mikono yako, iwe kisu au kiti au chungu, kitumie kwanza wewe mwenyewe. Kisha useme ni chema, nasi tutakuamini.