Kazi Huisha Lini?

Mtu apitaye njia ya kutoka Busia kwenda Malaba wakati wa kiangazi hukuta tanuri za matofali zikifuka moshi pembeni mwa mashamba. Katika vitongoji vya Chakol kazi hii ni ya zamani, na mimi niliijua kabla sijajua kusoma. Udongo hukandwa kwa miguu, hutiwa katika kalibu, na matofali hukaushwa chini ya majani. Kisha hupangwa, huachiwa vinywa vya kutilia kuni, hukandikwa tope kwa nje, na moto hulishwa mchana na usiku. Asiyejua hudhani kuwa tanuri ikipoa kazi imekwisha. Ajuaye hutazama matofali ya pembeni. Hayo hayakupata moto wa kutosha. Rangi yake yaweza kufanana na ya wenziwe, lakini yakigongwa hayalii. Na yakiingia ukutani, mvua huyarudisha kuwa udongo. Mwuzaji anaweza kuyatenga, au anaweza kuyachanganya na yaliyo mema. Swali la insha hii limo katika tendo hilo dogo, ijapokuwa nitalitafuta mbali na tanuri.

Mpwa wangu, mwana wa dada yangu, ni mtunzi wa michezo ya simu. Msomaji asilishangae neno mtunzi. Mchezo wa video hutungwa kama hadithi, huchorwa kama picha, na hupigiwa hesabu kama daraja. Dada yangu aliuza mtamba ili kijana apate kompyuta. Kwa miaka mitatu alitunga mchezo wa dereva wa lori atokaye Mombasa na mzigo wa Kampala: barabara, mizani, mvua, karatasi za forodha, na foleni ndefu ya Malaba ambayo hakuhitaji kuibuni. Wavulana kumi na mmoja walimpa shilingi hamsini kila mmoja kabla mchezo haujatoka, naye akawaahidi kuwa wataupata katika likizo ya Agosti.

Juma moja kabla ya siku hiyo alinijia usiku. "Mjomba," alisema, "mchezo umekwisha, lakini haujakwisha." Nilimtaka aeleze fumbo hilo. Alieleza kuwa katika simu ndogo, zile za bei nafuu, lori likifika katikati ya daraja la mpakani mchezo husahau safari nzima na kumrudisha dereva Mombasa. Alikwisha jaribu kulitengeneza kosa hilo mara nyingi bila kufaulu. Je, autoe kwa kuwa ameahidi, au auzuie kwa kuwa anajua? Nilimwambia tulale, jambo ambalo wazee hulisema wasipokuwa na jibu.

Hakuwa wa kwanza kukosa usingizi kwa sababu hiyo. Katika biashara hii ya michezo upo msemo kuwa mchezo umekuwa dhahabu. Asili yake ni sahani mama, yenye rangi ya dhahabu, ambayo nakala zote za kuuzwa zilitolewa kwayo. Mchezo ukiwa dhahabu maana yake mkono wa fundi umeondoka. Tarehe 5 Oktoba 2020 watu wa CD Projekt Red, kampuni ya Polandi, walitangaza kuwa mchezo wao Cyberpunk 2077 umekuwa dhahabu. Ulimwengu ulikuwa umeungojea tangu 2012. Kabla mwezi huo haujaisha waliahirisha tena kwa siku 21. Ulipotoka tarehe 10 Desemba, wenye mashine za kuchezea za zamani waliona watu wasio na nyuso na magari yanayozama ardhini. Wiki moja baadaye Sony waliuondoa katika duka lao, na haukurudi hadi Juni 2021. Kampuni iliomba radhi. Na katika radhi ile lilikuwamo neno moja ambalo mimi naliona kuwa kiini cha shauri lote. Walikiri kwamba walikosa kuuonyesha mchezo katika mashine hizo za zamani kabla ya kuuza. Kwa lugha ya Chakol, matofali ya pembeni hayakugongwa mbele ya mnunuzi.

Mtetezi atasema kuwa mfano wangu haufai, kwani ukuta haurudi tanurini, bali mchezo hurudi. Ni kweli. Mchezo huohuo ulitengenezwa mwaka baada ya mwaka, na kufikia 2023 wengi waliokuwa wameulaani waliusifu. Zamani haikuwa hivyo. Mwaka 1982 fundi mmoja wa Atari, Howard Scott Warshaw, alipewa yapata majuma matano tu kutunga mchezo wa E.T. ili uwahi Krismasi. Ulitiwa katika kaseti, na kaseti haisahihishwi. Nakala nyingi hazikupata mnunuzi. Mwaka 1983 shehena ya bidhaa za Atari, kaseti hizo zikiwamo, ilifukiwa jangwani Alamogordo huko New Mexico, na mwaka 2014 watu walikwenda wakazifukua kama mabaki ya kale. Nimehurumia kazi ya fundi yule kuliko nilivyoicheka. Hakukosa akili; alikosa siku.

Basi masahihisho yapelekwayo kwa intaneti ni neema. Lakini neema hii ina mlipaji, na aghalabu mlipaji huyo siye aliyekosa. Katika mji mkubwa mtu hulala, akaamka na kukuta mchezo wake umekwisha tengenezwa. Mvulana wa Chakol hununua bando kwa shilingi zilizotoka katika kuchunga au kuuza mboga sokoni. Masahihisho yakiwa makubwa kuliko mchezo wenyewe, atakuwa ameununua mara mbili, na mara ya pili amelipia uzembe wa mtu asiyemjua. Fundi asemaye, "Nitatengeneza baadaye," sharti ajiulize baadaye hiyo inatoka katika mfuko wa nani.

Je, dawa ni kungoja mpaka kila kitu kiwe kamili? Hapo pana shimo la upande wa pili. Mchezo uitwao Duke Nukem Forever ulitangazwa mwaka 1997 ukatoka mwaka 2011. Watoto waliousubiri walikuwa wamekua watu wazima. Fundi wa namna hiyo hujiona mwadilifu, kwa kuwa hakumwuzia mtu kitu kibovu. Lakini hakumpa mtu kitu chochote. Mara nyingine tunachokiita kupenda ukamilifu ni hofu ya kuhukumiwa, imevaa nguo ya heshima.

Mimi humfikiria Lual Mayen. Wazazi wake walikimbia vita vya Sudan, naye alikulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, akakaa huko miaka 22. Alipoiona kompyuta kwa mara ya kwanza mwaka 2007, aliitaka. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu mpaka zikatimia dola 300, akamnunulia. Alitembea muda wa saa tatu kwenda mahali penye umeme na intaneti. Kwa shida hiyo alitunga mchezo wa simu akauita Salaam, kwa ajili ya amani. Ulikuwa mchezo mdogo, usioweza kushindana na kazi za makampuni yenye mamia ya mafundi, lakini aliutoa. Kwa kuwa aliutoa, watu wa mbali waliujua, na baadaye akaanza kuukuza uwe safari ya mkimbizi. Desemba 2018 aliheshimiwa mbele ya mafundi wakubwa huko Los Angeles. Kama angalingoja mpaka uwe hauna kasoro, akiba ya mama yake ingalikuwa bado imefungwa ndani ya kompyuta.

Ukiwaweka watu hawa pamoja utaona kuwa udogo wa kazi si aibu, na kasoro peke yake si dhambi. Kazi huweza kukoma kwa sababu fundi amechoka, au kwa sababu tarehe imefika. Hayo ni makomo, si mwisho. Mimi nasema kazi imekwisha siku ambayo fundi aweza kumtazama mnunuzi machoni na kumtajia kila kasoro aijuayo, kabla fedha haijabadili mkono, na mnunuzi bado akaitaka. Kasoro asiyoijua ni udhaifu wa binadamu. Aijuayo akaificha ni wizi mdogo, hata kama ana nia ya kuirudia kesho. Najua kanuni hii ni chungu kwa wenye makampuni, kwa maana tangazo halina desturi ya kutaja matofali ya pembeni. Najua pia kuwa haimsaidii fundi aliyepewa majuma matano na bwana asiyetaka kusikia. Dhamiri ya mtumwa wa tarehe huwa mikononi mwa mwenye tarehe, na lawama yafaa imfuate huko.

Asubuhi nilimwambia mpwa wangu hayo, kwa maneno machache kuliko haya. Alinuna. Alisema, "Mjomba, nikiwaambia watacheka." Nikamjibu kwamba huenda wakacheka kweli. Alikaa kitambo, kisha akaandika katika ukurasa wa kwanza wa mchezo, kabla ya picha ya lori, kwamba katika simu ndogo safari husahaulika darajani, kwamba bado hajapata dawa yake, na kwamba mwenye kutaka shilingi zake arudishiwe. Dada yangu aliposikia aliuliza kama mtamba pia utarudi.

Siku ya ahadi walikuja wote kumi na mmoja. Wawili walichukua fedha zao. Mmoja wao simu yake ilikuwa ndogo, na wa pili alitaka tu kununua mandazi. Tisa waliobaki waliketi chini ya mwembe mpaka jua likatua. Mmoja wao alikuja akikimbia kutuonyesha jambo ambalo mtunzi hakulijua: lori likiachiwa liende polepole kando ya daraja, huvuka mto Malaba juu ya maji bila kuzama na bila kupita forodhani. Mpwa wangu alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaomba ile simu, akalitazama lori likielea, akaenda ndani kuwasha kompyuta.