Okot p'Bitek alikuwa nani hasa?

Mwaka 1956 timu ya soka ya Uganda ilizuru Uingereza. Mechi zilipokwisha wenzake walirudi nyumbani, ila mchezaji mmoja, mwalimu kijana wa Gulu, akabaki kusoma: ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, kisha anthropolojia Oxford. Alikuwa tayari na riwaya ya Kiacholi mkononi, Lak Tar, iliyotoka 1953. Mwaka 1966 ukatoka utenzi wake, Song of Lawino, na katika miaka hiyohiyo akaongoza Kituo cha Utamaduni cha Uganda, Kampala, mpaka alipofukuzwa.

Vitabu vya shule humwita mshairi, basi. Jibu hilo ni la kweli na ni finyu mno.

Okot mwenyewe aliligusa suala hili kwa mlango usiotarajiwa. Katika insha iliyomo ndani ya Artist, the Ruler, kitabu kilichochapishwa 1986 yeye akiwa ameshafariki, anapinga wazo la mwanafalsafa Rousseau kwamba binadamu huzaliwa huru. Mtu, anasema, huzaliwa tayari ni mtoto wa fulani, mpwa wa fulani, na kadiri anavyokua anakuwa mume, mjomba, babu, pengine mganga au chifu. Ukimvua yote hayo hatabaki mtu halisi aliyekuwa amejificha chini yake, hatabaki mtu. Kwa hiyo anayechoshwa na jina moja alilopewa na jamii hana haja ya kuyakataa majina yote. Dawa ni kuwa nayo mengi, kila moja likilizuia jingine lisitawale peke yake.

Ni fikra nzuri, ingawa mwenyewe hakuifuata kila mara. Katika Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, alikuwepo John Mbiti, kasisi wa Kianglikana kutoka Ukambani, mwanazuoni wa dini na mshairi pia. Okot aliwashutumu wasomi wa aina yake kwa kuivisha miungu ya Kiafrika mavazi ya Kigiriki, yaani kumchukua Jok wa Waluo na kumfanya Mungu wa Wakristo. Hoja ina uzito. Lakini kwa nini ukasisi wa Mbiti uwe ndio ufunguo wa kila alichoandika? Hapo Okot alimfanyia mwenzake kilekile ambacho asingependa kufanyiwa.

Kesi kali zaidi iliandikwa na Mswahili wa Mombasa. Ali Mazrui alifundisha siasa Makerere kuanzia 1963, na 1971 akatoa riwaya, The Trial of Christopher Okigbo. Okigbo, mshairi wa Nigeria aliyehudhuria mkutano wa waandishi Makerere mwaka 1962, aliuawa 1967 akiipigania Biafra, sehemu ya Waigbo iliyojitenga na Nigeria. Katika riwaya anashtakiwa ahera kwa kutanguliza kabila lake mbele ya ushairi. Ajabu ni kwamba mwendesha kesi huyu ni profesa wa siasa aliyejitosa kwenye riwaya bila kumwomba mtu ruhusa, huku akimtaka mshairi asijitose kwenye vita. Kwa hoja ya Okot, shtaka hilo lina kasoro toka mwanzo: Okigbo hakuwa mshairi kwanza kisha Mwigbo baadaye.

Isidhaniwe kwamba kila mwenye kazi tatu Kampala leo ni mwanafunzi wa Okot. Mwalimu anayefungua duka jioni na kufuga kuku nyuma ya nyumba mara nyingi anakimbizana na ada na kodi. Mshahara ungetosha, pengine angelala mapema. Okot hakulipwa kwa wingi wa mambo aliyoyapenda. Oxford ilikataa tasnifu yake ya udaktari mwaka 1970, na miaka mingi alifundisha ugenini, Nairobi ikiwemo. Mwaka 1982 Makerere ilimwajiri mtu huyu wa sheria na anthropolojia afundishe uandishi wa ubunifu. Alifariki Julai mwaka huohuo.