Kumwondoa Aliyetutendea Mema

Mzazi mmoja ametuandikia barua ambayo tulipoisoma mara ya kwanza tuliicheka kidogo, kisha tukaiweka mezani, na tangu siku ile haijatutoka moyoni. Asema ya kwamba wanawe wawili, vijana wenye akili timamu, wamenuniana karibu mwezi mzima kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kutia mguu nyumbani mwao wala hajui kama wao wako duniani, yaani meneja wa klabu moja ya mpira ya Uingereza. Mkubwa ashika ya kwamba meneja huyo ametenda makubwa, na kwa hiyo apewe muda. Mdogo ashika ya kwamba muda wake umekwisha, aondoke. Mzazi auliza: "Je, Padre, kumtakia mtu afukuzwe kazi si kosa? Na kama si kosa, mbona wanangu wamsema mtu huyo kana kwamba ameua?"

Wako wasomaji watakaonung'unika ya kwamba ukurasa huu haukuwekwa kwa mambo ya kabumbu. Sisi twaona vingine. Mahali popote watu wanapomhukumu mwenzao kwa sauti kubwa, juma baada ya juma, pana haki inayotendwa au inayovunjwa, hata kama mahali penyewe ni kibanda umiza chenye mabenchi mabovu na televisheni moja. Vijana wetu wengi hujifunza kuhukumu watu katika vibanda hivyo kuliko mahali pengine. Basi, barua hii si ya mchezo.

Hatutamtaja meneja wanayemgombania vijana hao, kwa kuwa hesabu zake bado hazijafungwa. Tumchukue mwingine ambaye hesabu zake zimekwisha kufungwa, tuzisome kwa utulivu: Arsène Wenger, aliyeiongoza Arsenal ya London tangu Oktoba 1996 hata Mei 2018, miaka karibu ishirini na miwili.

Mfaransa huyo, mzaliwa wa Strasbourg wa mwaka 1949, alifika London akitoka Japani, na watu wengi wa Uingereza hawakumjua kabisa. Haukupita muda mrefu wakamjua. Mwaka 1998 alitwaa ligi pamoja na Kombe la FA, na mwaka 2002 akavitwaa vyote viwili tena. Katika msimu wa 2003 na 2004 timu yake ilicheza michezo 38 ya ligi pasipo kushindwa hata mmoja. Ilishinda 26 ikatoka sare 12. Jambo la namna hiyo lilikuwa limetokea mara moja tu katika daraja la juu la mpira wa Uingereza, mwaka 1889, na wakati ule ligi ilikuwa na michezo 22 tu. Makombe ya FA aliyoyatwaa yalikuwa saba kwa jumla, wala hakuna meneja mwingine aliyepata mengi hivyo.

Halafu ikaja miaka mikavu. Tangu Mei 2005 hata Mei 2014 Arsenal haikupata kombe lolote. Tarehe 28 Agosti 2011 ilifungwa mabao manane kwa mawili na Manchester United. Mapema mwaka 2017 Bayern München waliifunga mabao matano kwa moja nyumbani kwao Ujerumani, kisha wakaja London wakaifunga matano kwa moja tena. Mwezi Machi wa mwaka huo huo, Arsenal ilipokuwa ikicheza ugenini na West Bromwich Albion, ndege ndogo ilipita juu ya uwanja ikivuta bango la kumkataa Wenger, na ndege nyingine ikapita ikivuta bango la kumtetea. Twaomba msomaji alitafakari jambo hilo kidogo: watu walichanga fedha, wakakodi ndege, ili kumwandikia mzee wa miaka 67 angani ya kwamba hatakiwi.

Hapa sina budi kuacha kusema "sisi" nikasema "mimi", kwa maana nami nilikuwamo. Siku zile nilikuwa bado mwanafunzi wa seminari kuu. Mchezo ule wa pili na Bayern ulichezwa usiku, saa ambayo kwetu ni ya ukimya, hivyo tulipata habari asubuhi wakati wa uji. Mimi, niliyeipenda Arsenal tangu utoto kwa kusikiliza redio ya mjomba wangu, nilisimama na bakuli mkononi nikasema mbele ya wenzangu wote ya kwamba mzee yule ni mwizi wa mshahara. Mwenzetu mmoja, mtu wa maneno machache ambaye hakuwa na habari na mpira, aliniuliza kwa upole: "Amekuibia nini wewe, ndugu?" Wenzangu wakacheka. Sikuwa na jibu, na kwa kuwa sikuwa na jibu nikazidi kusema.

Nimelirudia swali lile mara nyingi. Je, nilikosa katika kutaka Wenger aondoke? Hata leo nadhani sikukosa. Timu ilikuwa imepungua nguvu. Ilimaliza ligi ya mwaka ule katika nafasi ya tano, na mwaka uliofuata katika nafasi ya sita. Kosa langu lilikuwa katika lile neno "mwizi". Nilitoka katika kuipima kazi ya mtu nikaingia katika kuuhukumu moyo wake, wala sikuona mpaka niliouvuka.

Turudi sasa kwenye swali la mzazi. Hoja ya mwanawe mkubwa ni hoja ya shukrani, nayo ni hoja nzito, maana sote twajua na kuchukia ile shukrani ya punda. Lakini shukrani yadai nini hasa? Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alitofautisha deni la sheria na deni la shukrani. La kwanza laweza kudaiwa barazani, la pili hulipwa kwa uungwana wa mwenye kupokea. Wenger alilipwa mshahara wake, tena mkubwa. Deni la sheria halikubaki. Lile lililobaki ni la namna ya pili. Na kiti cha meneja si fedha ya kulipia deni hilo. Kiti chawekwa kwa faida ya klabu, ya wachezaji, na ya wale wote waipendao. Anayekikalia amekabidhiwa tu. Kumwachia mtu uongozi kwa sababu tu alitutendea mema jana ni kumlipa kwa mali isiyo yetu. Mwalimu mkuu aliyeijenga shule kwa jasho lake yampasa heshima ya shule nzima mpaka kufa kwake, lakini watoto walioingia darasani mwaka huu wana haki ya kufundishwa vizuri mwaka huu. Hivyo mwana mkubwa, pamoja na uzuri wa moyo wake, amechanganya mambo mawili.

Je, basi mdogo ndiye mwenye haki? Bado. Thoma huyo huyo ataja ngazi za utovu wa shukrani. Asiyelipa wema ana kosa. Anayeunyamazia, asionyeshe kama aliupokea, amepita hapo. Lakini aliye mbaya kuliko wote ni yule asiyeutambua tena, ama kwa kuusahau ama kwa namna nyingine. Nami naona ya kwamba kelele za mashabiki huanzia katika ngazi hii ya mwisho. Ili tupate kumfukuza mtu pasipo kuona haya, kwanza twajisahaulisha. Twasema hata zile ligi alizipata kwa sababu alikuta mabeki hodari waliofundishwa na mwingine. Twasema bahati. Twaifuta jana yake ili leo yetu iwe nyepesi.

Tena si kusahau tu, ni kutotaka kujua. Ile miaka tisa mikavu ilikuwa na sababu zake zilizokuwa wazi kwa kila aliyetaka kuzisoma. Arsenal ilihama uwanja wake wa zamani, Highbury, ulioweza kuchukua watu wapatao 38,000, ikajenga mpya wa watu wapatao 60,000 uliofunguliwa mwaka 2006 na uliogharimu takriban pauni milioni 390. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa ya mkopo, na mkopo ulilipwa kwa kubana matumizi. Wakati huo huo tajiri wa Kirusi alikuwa amekwisha kuinunua Chelsea tangu 2003, na matajiri wa Abu Dhabi wakainunua Manchester City mwaka 2008. Wenger alimwuza Henry mwaka 2007, Fàbregas na Nasri mwaka 2011, na mwaka 2012 van Persie, aliyekwenda Manchester United na kuchukua ubingwa msimu ule ule. Lakini katika miaka hiyo yote timu haikukosa hata mara moja kuingia katika mashindano ya mabingwa wa Ulaya. Baba mwenye nyumba anayejenga na kusomesha kwa mshahara ule ule ataelewa upesi: kuna miaka ambayo mafanikio yote ya mtu ni kwamba hakuanguka. Watoto wake, wanaoona tu ya kwamba nguo mpya hazinunuliwi, humwona bahili.

Watetezi wa subira hupenda kumtaja Alex Ferguson. Alifika Manchester United Novemba 1986, akakaa zaidi ya miaka mitatu pasipo kombe, mashabiki wakataka aende, naye akatwaa Kombe la FA mwaka 1990 na baadaye ligi mara 13 kabla ya kustaafu mwaka 2013. Ni kweli. Lakini tumekuwa tukiutumia mfano huu vibaya. Twamkumbuka Ferguson kwa sababu subira yake ililipa; wale wengi waliovumiliwa kisha wakashindwa hakuna awakumbukaye, kwa hiyo hawahesabiwi. Subira haijipatii haki kutokana na makombe yajayo baadaye, wala ukali haupati haki hivyo. Leicester City walipata ubingwa wa Uingereza mwaka 2016 chini ya Claudio Ranieri, jambo ambalo hakuna mtu alilitazamia, na Februari 2017, miezi tisa tu baadaye, wakamwondoa. Timu haikushuka daraja. Je, kwa kuwa haikushuka, tendo lile likawa la haki? Au lingekuwa dhuluma kama ingeshuka? Sisi twadhani ya kwamba tendo hupimwa kwa yale yaliyojulikana siku ile na kwa namna lilivyotendwa. Waliomwondoa Ranieri waliona hatari ya kweli. Namna yenyewe, hata hivyo, iliwauma wengi, na iliwauma kwa haki.

Liko neno moja zaidi, nalo lamhusu meneja mwenyewe, maana twawasema sana mashabiki kana kwamba mwenye kiti hana wajibu. Katika filamu juu ya maisha yake iliyotolewa mwaka 2021, Wenger alikiri ya kwamba alijiunga mno na klabu hata akawa kitu kimoja nayo, na ya kwamba hilo lilikuwa kosa lake. Maneno hayo yalinigusa kuliko kombe lolote. Mtu aweza kuipenda kazi hata asiweze kuona ni wapi yeye amekwisha na kazi yaendelea. Mei 2017, baada ya kuishinda Chelsea katika fainali ya Kombe la FA, alipata mlango wa heshima wa kutokea. Akatia sahihi miaka miwili mingine, na mwaka mmoja haukupita akatangaza kuondoka. Twawajua watu wa namna hiyo vijijini mwetu, wazee wa vyama vya ushirika, wenyeviti, hata sisi mapadre katika parokia tulizozijenga. Anayetupenda kweli angetuambia mapema, uso kwa uso, wala si kwa bango la ndege. Hapo ndipo kumwambia mtu "yatosha, mzee wetu" kwaweza kuwa tendo la upendo, na kunyamaza kukawa woga.

Tarehe 6 Mei 2018 Arsenal iliifunga Burnley mabao matano kwa bila, mchezo wa mwisho wa Wenger nyumbani. Uwanja mzima ulisimama ukampigia makofi, na klabu ikampa lile kombe la dhahabu la msimu usio na kushindwa. Katika ukumbi wetu wa mapumziko wapo waliofuta machozi. Yule mwenzetu mpole aliuliza kama hawa ndio wale wale wenye ndege. Nikamjibu ndiyo, ni wale wale, na mmoja wao ndiye mimi.

Tangu hapo mzee yule hakurudi kuketi katika uwanja ule hata 26 Desemba 2022, miaka zaidi ya minne. Julai 2023 klabu ikamsimamishia sanamu nje ya uwanja. Ni vizuri, ila sanamu ni kazi rahisi kuliko kumsema vema mtu akiwa bado anashindwa.

Mzazi wetu ameomba jibu fupi la kupeleka mezani Jumapili, baada ya chakula. Hili hapa. Yule mdogo hakosi kutaka meneja aondoke. Lakini kabla ya kusema hivyo tena, ataje mema matatu aliyoyatenda mtu yule, pasipo kuingiza neno "lakini" mpaka amalize. Mkubwa naye ataje makosa matatu ya meneja wake pasipo kumlaumu mwamuzi. Yule atakayeshindwa, aoshe vyombo. Baada ya hapo waendelee kubishana kwa amani, kwa kuwa Jumamosi kuna mchezo mwingine.