Sheria ya Kasindi Ilikuwa ya Nani?

Wakati wa vita vya Kongo vilivyoanza 1998, wafanyabiashara wakubwa wa mji wa Butembo, mashariki mwa nchi hiyo, waliwalipa waasi wa RCD-K/ML, wenye makao yao Beni, ushuru wa forodha kabla mizigo haijavuka mpaka wa Uganda huko Kasindi. Nao wakapunguziwa viwango. Mtafiti Timothy Raeymaekers ameueleza mpango huo kwa kina. Je, tajiri aliyejipangia ushuru wake ametii sheria au ameinunua? Wengi watasema ameinunua, basi. Naona hukumu hiyo ina haraka. Mkono wa Kinshasa haukufika huko, na asiyelipa aliporwa. Tena mji wa Butembo ulikuwa na sheria yake kabla ya waasi: mali ilikopeshwa kwa neno la mtu tu, na aliyelivunja hakupata mkopo tena, wala mwanawe hakuaminiwa upesi. Sheria yenye adhabu kali kiasi hicho si mchezo.

Lakini neno la mtu huwalinda wanaojuana, na hapo ndipo utetezi wangu unapopungukiwa. Anayesukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao, lenye magunia ya makaa hakuitwa mezani viwango vilipopangwa, wala mama mwenye beseni la samaki kutoka Ziwa Edward. Waasi waliompunguzia mwenye kontena bado walihitaji fedha, na kizuizi cha barabarani kilizitafuta kwa asiyelipa mapema. Wafanyabiashara walikuwa na haki ya kutunga kanuni. Ya kuzitunga peke yao, hapana. Kamba iliyofungwa kati ya miti miwili ilimsubiri mama yule na beseni lake.