Waya wa Maiki

Plagi ya waya wa maiki na ya waya wa dijitali ni ile ile ya pini tatu, na hiyo ndiyo iliyoniponza. Tulikuwa tunafunga vyombo kwenye ukumbi wa harusi Tanga: mikisa ya dijitali nyuma ya ukumbi, prosesa ya spika jukwaani, katikati mita 50. Waya wa dijitali niliobeba haukufika. Nikaunga waya mbili za maiki.

"Huo wa nini?" akauliza mzee aliyekuwa akinifundisha kazi.

"Si unaingia, mzee?"

"Hata ufunguo wa jirani huingia, mwanangu."

Nikawasha, sauti ikatoka safi kabisa. Mzee akaenda zake kunywa kahawa.

Waya wa maiki na wa dijitali kweli ni ndugu. Kila moja ina nyuzi mbili zilizosokotwa, zinazobeba mawimbi yale yale, huu kinyume cha mwenziwe. Kelele ikiingia huzipata zote sawa, na chombo cha mwisho kikichukua tofauti yao, kelele hujifuta. Undugu unaishia hapo. Sauti ya maiki haizidi mitikisiko 20,000 kwa sekunde. Dijitali ya AES3, kiwango cha mwaka 1985, ikiwa na sampuli 48,000 kwa sekunde, hupitisha biti zaidi ya milioni 3 kila sekunde. Kwa kasi hiyo waya wenyewe unahesabika: wa dijitali husukwa uwe na impidansi ya omu 110, wa maiki mara nyingi huwa karibu nusu yake. Impidansi ya waya isipolingana na ya vyombo, mawimbi mengine hugonga na kurudi, kama bahari inavyorudi ikipiga gati, yakavuruga yanayokuja. (Wa dijitali ukiuazima kwa maiki hauna kinyongo. Kinyume chake ni kamari.)

Waya mbovu wa analogi huanza kulalamika mapema, unavuma, unakwaruza. Dijitali inakuchekea mpaka inapokata.

Saa nne usiku mpiga video akaja kuomba sauti, kinasa chake kina tundu la dijitali. Waya za maiki nimezigawa mara ngapi! Nikachomeka kigawanyio. Vyombo viwili vya omu 110 vikawa mzigo wa omu 55, juu ya waya ambao tayari ulikuwa unajikongoja. Bibi harusi yuko mlangoni: tak, tak-tak, kisha kimya. Vigelegele vikabaki peke yake. Shangazi mtu akanigeukia na sijasahau macho yale.

Mzee akaja, kikombe mkononi. Akachomoa kigawanyio, tak-tak ikabaki, mojamoja. Akanituma mbio jukwaani nihamishie ncha ya waya ule ule kwenye tundu la analogi, naye akahamisha ya upande wake. Muziki ukarudi.

Niliporudi nikamkuta anatazama ndani ya kikombe.

"Imepoa," akasema. "Kaniletee nyingine."