Pilau Iliyovuka Lango la Ndabaka

Asubuhi ile ya Jumamosi, nyumbani Bariadi, mama yangu alipanda gari na kiroba kimoja kidogo. Ndani mlikuwa na michembe, matobolwa, karanga za kutwanga na fungu la nsansa, mboga ya majani iliyokaushwa. Kaka, aliyekuja likizo kutoka Dar es Salaam na mkewe na watoto, alikichungulia akacheka.

"Mayu, tunakwenda kupiga kambi Serengeti. Hakuna njaa huko."

Mama hakumjibu. Alikisukuma kiroba chini ya miguu yake, akauliza maji ya kunywa yamewekwa wapi.

Nyuma ya gari tulikuwa na hotipoti kubwa ya pilau, na hiyo ndiyo habari yenyewe. Niseme mapema kwamba mpishi hakukosea kitu. Shemeji anapika pilau ya kumleta jirani mlangoni akijifanya anaomba kiberiti. Yeye alitaka tubebe mchele mkavu, viungo na vitunguu, akapikie kulekule kambini. Mimi ndiye niliyemkatalia. Nilimwambia tunakwenda kupumzika, na chakula rahisi cha kambini ni kile kilichotoka nyumbani kikiwa kimeiva. Kazi yetu iwe kupakua tu. Basi akaipika Ijumaa usiku, ya nyama ya ng'ombe, akaijaza hotipoti ingali inatoa mvuke. Ilikuwa saa tatu. Tukaenda kulala tukijiona werevu.

Sisi wa Simiyu ni watu wa ajabu kidogo kwa jambo hili. Serengeti iko ubavuni mwetu, ila hema tunaliona ni mambo ya wageni. Kutoka Bariadi hadi Lamadi ni lami, kama kilomita 70. Ukifika Lamadi ukageuka kuelekea Bunda, muda si mrefu unaliona lango la Ndabaka mkono wa kulia, kando ya barabara kuu ya Mwanza na Musoma. Tungeweza kuwa kambini kabla ya adhuhuri. Lakini tulichelewa kutoka, tukasimama Lamadi kununua maji na mkate, tukasimama tena kila mtoto alipoona pundamilia. Tulipopiga hema ilikuwa saa nane mchana, na wote tulikuwa na njaa ya kutisha.

Pilau ilikuwa bado vuguvugu. Kaka aliisifu hotipoti kama mtu anayeiuza. Shemeji, kwa uangalifu wake, aliimimina kwenye sufuria akaipasha kwenye mtungi wetu mdogo wa gesi mpaka ikafuka moshi. Haikuwa na harufu mbaya wala utelezi. Tulikula hadi kushiba. Mama alionja vijiko viwili kwa heshima ya mkamwana wake, kisha akarudi kwenye matobolwa yake, akimmegea mjukuu mdogo aliyekuwa mapajani.

Hesabu saa hizo: kuanzia saa tatu usiku hadi saa nane mchana ni saa kumi na saba. Hotipoti haihifadhi chakula. Inachelewesha kupoa tu, na kuchelewa huko ndiko kulikotuponza. Mchele hutoka shambani na mbegu za bakteria anayeitwa Bacillus cereus, mkaaji wa udongoni. Mbegu hizo hazifi kwa kuchemka. Wali ukishapikwa ukakaa katika joto la kati, baina ya nyuzi 5 na 60, zinaamka na kuzaana, na baadhi ya bakteria hao hutoa sumu ya kutapisha. Sumu ikishatoka, moto wa jikoni hauiwezi: maabara zimeipika kwa nyuzi 121 kwa dakika 90 na bado ikabaki sumu. Kwa hiyo ule moshi uliotupa moyo pale kwenye sufuria ulikuwa wa bure. Tulikula sumu ya moto badala ya sumu ya vuguvugu.

Mtoto wa kaka, wa miaka saba, ndiye aliyeanza, jua likiwa bado halijazama. Akafuata wangu wa pili. Hadi saa mbili usiku tulikuwa tunatapika watu sita, watu wazima tukijificha nyuma ya gari kwa aibu. Waliobaki wazima walikuwa mama na yule mjukuu wa mapajani. Hifadhini magari hayatembei usiku, kwa hiyo safari ya hospitali ilikuwa ya asubuhi kama ingehitajika.

Mama alishika usukani wa kambi. Alidai lita moja ya maji safi, akapima vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vya kusawazishwa, akakoroga, akawanywesha watoto kijiko kimoja kimoja. Mtoto akitapika anasubiri dakika kumi, anaanza tena polepole. Tungekuwa na pakiti za ORS ingekuwa rahisi zaidi, na leo hazikosekani kwenye mfuko wangu. Tulikubaliana pia kwamba atakayeshindwa kubakiza hata maji, au atakayelegea, au kukaa saa nyingi bila kukojoa, anapelekwa kwa daktari alfajiri bila mjadala. Kwa bahati hakuna aliyefikia hapo.

Kosa la pili lilikuwa la kaka. Kwa hasira aliichukua pilau iliyobaki akaimwaga kwenye kichaka nyuma ya hema. Saa sita usiku fisi walikuja. Ambaye hajasikia fisi wakigombea nyama hatua kumi na tano kutoka kichwani pake, akiwa na tumbo linalosokota na kitambaa tu kati yao, sitamweleza akaelewa. Hakuna aliyethubutu kufungua zipu. Watoto walitapikia ndani, kwenye sufuria ileile ya pilau. Asubuhi askari wa hifadhi alizitazama nyayo, akatusema kwa upole unaoumiza kuliko kufokewa: mabaki hufungwa na kurudi nayo, na chakula hakilazwi hemani.

Kulipokucha, mama aliitoa michembe aliyoiloweka usiku, akaichemsha, na ilipolainika akaikorogea karanga. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa vikiwa vibichi. Matobolwa huchemshwa kwanza ndipo yakaanikwa, kwa hiyo unayatafuna hata bila moto. Kisicho na maji hakina pa kuozea, ndiyo maana vinakaa ghalani miezi. Tukiwa tunakula kwa adabu ya wagonjwa, mama alitukumbusha kwamba Wasukuma wa zamani walikuwa wakienda kwa miguu hadi Ziwa Eyasi kufuata chumvi. "Na hawakuwa na hotipoti," alisema, bila kumwangalia mtu.

Tangu siku ile nimeacha kukipima chakula cha kambini kwa urahisi wa kupakua. Nakipima kwa uvumilivu wake: kinaweza kusubiri muda gani garini bila kunigeuka? Dagaa wakavu wa ziwani wanasubiri. Tunawatoa vichwa na kuwakaanga bila mafuta tukiwa nyumbani, tunawafunga kwenye kopo. Kambini ni kitunguu, nyanya na karanga, na ugali wa dona unasongwa wakati mchuzi unachemka. Nsansa ya karanga haichukui muda mrefu. Mayai tunabeba mabichi, tunachemsha pale pale. Nyama ikibidi, inagandishwa kabisa nyumbani, inasafiri kwenye barafu na inaliwa siku ya kwanza, yote. Tunapika cha kuisha, hata kama mtu atalala akitamani kijiko kimoja zaidi.

Mwaka uliofuata tulirudi. Shemeji alibeba mchele mkavu, akapika pilau yake kambini. Ilichukua chini ya saa moja, nasi tulikuwa tunakata kachumbari na kuzozana juu ya vigingi vya hema. Sahani zilipokaribia kuisha, kaka alilisogeza kando fungu moja na kulifunika, la kifungua kinywa cha kesho. Mama alilitazama lile fungu, kisha akamtazama yeye.

Kaka akafunua, akala.